Kichochoro Kinachojikunja

Kamanda wa zimamoto alikataa katakata kusema atafika saa ngapi.

“Leo nitakuja,” aliwaambia watu wa kichochoro kupitia simu ya afisa mipango miji, sauti ikiwa imewekwa juu ili kila mtu asikie. “Asubuhi, mchana, sisemi. Moto haupigi simu kuomba miadi. Nitaleta lile gari kubwa. Likifika mwisho wa kichochoro bila kusimama, tutazungumza. Likisimama hata mara moja, jaribio limekwisha, na safu ya kushoto yote inabomolewa. Tumeelewana?”

Simu ikakatika. Watu wakageuka kwa pamoja wakamtazama mwanamke mmoja mfupi, mwenye aproni ya ngozi iliyotobolewa na cheche, aliyesimama mlangoni pa karakana yake akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko hiyo mikono yenyewe. Huyo ndiye ninayetaka kukusimulia habari zake. Watu humwita Mama Bawaba. Usije ukadhani ana mtoto anayeitwa Bawaba. Watoto wake wana majina ya kawaida tu. Jina hilo alipewa kwa sababu ya vyuma anavyovitengeneza, vile vya kushikilia mlango ukafunguka na kufungwa. Kwake yeye, kila kitu kingeweza kuwa mlango, angalau kwa muda.

“Mnanitazama nini?” aliwauliza. “Mimi nimeota pembe? Kila mtu aende kwenye meza yake akaijaribu.”

Wakatawanyika, lakini polepole, kama watu wanaotoka hospitalini kumwona mgonjwa.

Ngoja kwanza nikueleze kichochoro chenyewe. Zamani kilikuwa njia ya nyuma tu, katikati ya safu mbili za maghala. Maghala yakafa. Biashara zilihamia kwingine, mabati yakashika kutu, na watu wakaanza kuingia mmoja mmoja: huyu akaweka mashine ya kushonea, yule akakata dirisha, mwingine akajenga ngazi ya nje akapanga vyumba juu. Mji nao ukawa unabadilika pande zote. Majengo marefu ya vioo yaliota huku na huku, na wafanyakazi wa humo walipopata njaa au viatu vyao vilipopasuka, walikuja kichochoroni. Basi meza zikajipanga kushoto na kulia, mapaa ya turubai yakakutana juu, ikabaki njia ya watu wawili wembamba kupishana.

Kisha duka la fundi wa makochi likaungua. Gari la zimamoto lilifika upesi, sikatai, ila lilikwama pale mdomoni pa kichochoro. Wazima moto wakashuka wakaburuta mipira ya maji kwa mikono, wakipindua meza, wakirukia ndoo na viti. Hakufa mtu. Lakini mke wa fundi makochi alitolewa juu kwa ngazi ya mkono, nywele zimeungua upande mmoja, na kila aliyemwona alijua ni bahati tu. Kwa hiyo mji uliposema safu moja ivunjwe njia ipanuke, hakuna aliyeweza kusimama akasema wanaonewa.  Hilo ndilo lililowatisha zaidi.

Mama Bawaba alizaliwa chumba cha tatu kutoka kona. Mama yao alipofariki, alilelewa na dada yake, ambaye wakati huo naye alikuwa msichana tu. Dada aliuza viatu vya mitumba kwenye meza ya mbao pale kwenye kona ya kichochoro, kila kiatu amekipiga dawa kiking'ae kuliko kilipokuwa kipya. Mdogo wake alipoanza kuvunjavunja vitu ili aone ndani kuna nini, dada alimpeleka kwa mjomba wao, fundi wa kuchomelea.

“Mchukue huyu,” alimwambia mjomba. “Ameshanivunjia redio, kufuli na mizani. Akavunje vya kwako.”

Mjomba alicheka, akampa kofia ya kuchomelea iliyomfika mabegani. Naye hakuivua tena. Alipoanza kujitegemea alipanga chumba kidogo mno. Ukiweka kitanda, meza inabaki nje, ukiweka meza, unalala umesimama. Akatengeneza kitanda chenye bawaba, kinachopandishwa ukutani asubuhi na kushushwa jioni. Alipoolewa, mumewe akahamia humo humo. Siku moja komeo liliachia mume akiwa bado amelala, springi zikavuta, kitanda kikapanda naye ukutani. Mpaka leo mashemeji wakimkuta njiani humsalimu, “Vipi shemeji, umelala au umekunjwa?”

Watu walipoona kitanda, wakataka meza. Ndipo ikatokea siku afisa mipango miji alipokuja kupima kichochoro kwa ajili ya ubomoaji. Alikuwa kijana mpole, shati limechomekwa vizuri, futi yake ya kupimia imeshikwa upande mmoja na mwenzake. Futi ikagota kwenye meza ya kinyozi. Kinyozi huyo anaitwa Redio, kwa sababu hazimiki. Redio alikuwa anamnyoa mtu. Hakuacha kunyoa wala kuongea. Aliinua meza kwa goti, ikapanda ukutani, ikajifunga yenyewe kwa komeo, chupa na vitana vyote vikiwa ndani ya wavu wake.

“Pita, bwana mipango,” alisema. “Utanipa baraka ukipita. Ukinibomolea, nitakunyoa nusu.”

Afisa hakupita. Alisimama akiitazama ile meza.

“Hebu ishushe,” alisema. Redio akaishusha. “Ipandishe tena.” Akaipandisha. “Nani amekutengenezea hii?”

Hivyo ndivyo walivyokutana wale wawili. Afisa alikuja karakana jioni ile na jioni nyingine nyingi. Alikuwa amesoma kwamba njia moja inaweza kuwa soko saa hii na barabara saa ijayo, ila hakuwa amewahi kuona chuma cha kufanya hivyo. Mama Bawaba alikijua chuma, lakini magari hakuyajua. Alidhani gari likiingia kona hupinda kama mtu. Afisa akachora kwa chaki sakafuni, akasukuma kipande cha mbao kirefu juu ya mchoro, akamwonyesha jinsi magurudumu ya nyuma yanavyokata kona kwa ndani.

“Hapa,” alisema, akibonyeza chaki mpaka ikavunjika. “Kwingine meza ikichelewa kidogo, dereva anaweza kukwepa. Hapa kwenye kona hakuna pa kukwepea.”

Na hapo kwenye kona, kama nilivyokuambia, ndipo ilipokuwa meza ya dada.

Mpango ukawa kwamba kila meza iwekewe bawaba, na mji ukubali jaribio kabla ya kubomoa. Dada hakuupenda tangu mwanzo. Meza yake ilikuwa haijainuliwa tangu enzi za mama yao. Ila alipoona wenzake wote wamekubali, naye akakubali, kwa shingo upande. Mama Bawaba akazichukua mbao zile zile, akaziwekea fremu ya chuma, miguu ya kukunja, ukingo na wavu wa kushikilia viatu, na bawaba tatu nene ukutani. Walijaribu, ikapanda vizuri. Dada akasema, “Haya, inaruka kama panzi. Umefurahi?”

Sasa turudi siku ya jaribio.

Tangu asubuhi Mama Bawaba alipita meza hadi meza na kopo la grisi. Anainua, anasikiliza, anatia grisi, anashusha. Muuza vitambaa aliambiwa apunguze majora. Redio aliambiwa apunguze maneno. Alipofika kwenye kona alimkuta dada amekaa kwenye kigoda, meza yote imefunikwa turubai, viatu vichache vimepangwa juu ya turubai hilo.

“Dada, nifunulie nikague bawaba.”

“Ya kwangu usiiguse. Nimeshaikagua mwenyewe.”

“Dakika moja tu.”

“Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekufundisha kuvaa kandambili. Sasa leo hunisadiki kwa meza yangu mwenyewe? Nenda kawakague hao wavivu. Hapa utaona wageni wakija. Nimewaandalia.”

Uso wake ulikuwa na kitabasamu cha mtu aliyeficha zawadi mgongoni. Mama Bawaba alitaka kusisitiza. Midomo ilifunguka. Lakini muuza vitambaa akaita kwa sauti kwamba komeo lake linakwaruza, na dada alikuwa ameshaanza kukunja uso, na siku yenyewe haikuwa ya kugombana. Akaondoka.

Wakasubiri. Jua lilipanda likakaa juu ya mabati. Wateja walikuja wakaenda, na wauzaji wakawahudumia bila kuwatazama, masikio yako barabarani. Lori la mchanga lilipiga breki huko mbele, watu watatu wakainua meza zao. Wakazishusha kwa aibu. Pikipiki ikapiga honi, fundi makochi akainua ya kwake na kumwangusha mteja aliyekuwa ameiegemea. Hakuna aliyecheka ila Redio, na hata yeye kicheko kilikatika njiani.

Afisa mipango miji alikuwa amesimama karibu na karakana, akilegeza tai yake.

“Mama, na kitu hiki kisipofanya kazi?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Kitafanya.”

“Mimi nimewaambia wakubwa zangu kwamba—”

“Kijana wangu, usiniambie ulichowaambia wakubwa zako. Ya kwangu yananitosha.”

Adhuhuri imekaribia, kichochoro kimefurika wafanyakazi wa majengo ya vioo, ndipo king'ora kilipolia.

Mama Bawaba akapuliza filimbi. Basi hapo ungetamani uwepo! Watu wa njiani waliingizwa milangoni kwa kuvutwa mikono. Meza ya kwanza ikapanda, komeo likalia ka! Ya pili, ka! Mapaa ya turubai yakashuka kama kope zinazofumba. Ka! Ka! Ka! Ilikuwa kama mtu anapitisha fimbo kwenye uzio wa mabati. Kichochoro kilichokuwa cha watu wawili wembamba kikafunguka, na kwa mara ya kwanza watoto waliozaliwa humo wakaona sakafu yake yote, ilivyo pana na ilivyopasuka.

Gari likaingia. Jekundu, refu, linaunguruma polepole, vioo vyake vya pembeni vikipita karibu kabisa na meza zilizosimama ukutani. Kamanda alisimama kwenye ngazi ya mlango wa gari, mkono mmoja umeshika kishikio, mwingine umeinuliwa tayari kumwashiria dereva. Alikuwa hatazami mbele. Alikuwa anatazama ukuta kushoto, ukuta kulia, kila meza.

Mama Bawaba alikuwa anakimbia mbele ya gari kwa kurudi nyuma, akihesabu kwa macho. Hii imepanda. Hii imepanda. Ya Redio imepanda. Akageuka kuelekea kwenye kona.

Dada alikuwa ameondoa turubai. Meza ilikuwa ya kijani. Kijani kibichi, kinachong'aa, mbao, fremu, miguu, wavu, kila kitu. Alikuwa ameipaka rangi ya mafuta siku mbili zilizopita, matabaka mawili ya rangi, mazito, kwa sababu wageni wakubwa wanakuja na meza ya kwanza kuiona wakikata kona ni yake. Naye si mtu wa kazi nusunusu. Alizipaka bawaba pia. Alipaka makomeo na viungo vya miguu. Kisha akaifunika turubai lisiingie vumbi, na joto la mabati likaioka rangi ile mpaka ikawa kitu kimoja na chuma.

Dada alikuwa anainua. Meza haitikisiki.

“Inagoma,” alisema, akicheka kicheko kisicho na pumzi. “Hebu, inagoma kidogo tu—”

Redio akaruka akashika upande wa pili. “Moja, mbili, vuta!” Wakavuta. Wavu ukakatika, viatu vikamwagika. Meza iko pale pale.

“Umepaka rangi bawaba!” Mama Bawaba alipiga kelele.

“Nimepaka meza!”

“Dada, umepaka bawaba!”

Gari limeshaanza kupinda. Dereva alikuwa amepunguza mwendo mpaka ungedhani halitembei, lakini magurudumu yanazunguka bado, taratibu, yakiponda punje za kokoto moja moja. Mkono wa kamanda ulikuwa juu bado. Ukishuka, gari linasimama. Gari likisimama, safu ya kushoto yote, karakana, kinyozi, chumba cha tatu kutoka kona, ngazi zote za nje, vyote kwisha.

Grisi isingesaidia. Moto wa kuyeyushia rangi ulikuwa karakana, mbali. Mama Bawaba alikimbilia mlango wa fundi makochi, akatoka na nyundo kubwa ya kupigilia vigingi vya mbao, akaishika kwa mikono miwili.

“Dada, toa mkono.”

Dada aliitazama nyundo, kisha akamtazama yeye. Alijua. Akaweka mikono yote miwili juu ya mbao, vidole vimetanuliwa.

“Usithubutu,” alisema. “Hii ni meza ya mama.”

“Najua ni meza ya nani. Toa mkono.”

“Mwambie asimame kidogo! Si ni dakika moja tu!”

“Dada!” Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Bawaba na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. “Toa mkono, nitapiga.”

  Dada akamtazama mdogo wake usoni, na sijui aliona nini humo, ila vidole vilijikunja kimoja kimoja, na mikono ikaondoka.

Nyundo ikashuka kwenye bawaba ya kwanza. Ukuta ulitoa vumbi. Ya pili ikang'oka na kipande cha tofali. Ya tatu ilikataa, akapiga tena, na tena, akiguna kila pigo, mpaka mbao zenyewe zikapasuka kwa urefu na meza ikaanguka kifudifudi. Watu wakairukia. Redio, fundi makochi, muuza vitambaa, wateja wenye mashati meupe ambao hawakujua hata ugomvi ni wa nini, waliiburuta ikiwa vipande vipande hadi ndani ya duka la kinyozi, viatu vikipigwa teke kila upande.

Gurudumu la nyuma likapita pale pale ilipokuwa miguu ya meza. Gari likakata kona. Halikusimama. Likaenda hadi mwisho, wazima moto wakashuka, wakaunga mipira, na maji yakapiga ukuta wa mwisho wa kichochoro na kurudi kama mvua.

Hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wanamtazama kamanda akirudi kwa miguu, taratibu, akitazama vipande vya tofali chini.

“Meza moja ilikwama,” alisema.

Afisa mipango miji akajitokeza. “Kamanda, ilikuwa ni rangi tu, kosa dogo, tunaweza—”

“Sijamaliza, kijana.” Akageuka. “Nani alivunja?”

“Mimi,” alisema Mama Bawaba. Bado ameshika nyundo.

“Ya nani?”

“Ya dada yangu.”

Kamanda akamtazama dada, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake, kiatu kimoja mapajani, rangi ya kijani imemganda chini ya kucha. Akainama akaokota kipande cha tofali.

“Bibi mmoja aliwahi kulala mbele ya gari langu,” alisema hatimaye, “kisiguswe kibanda chake, na nyumba ya nyuma inaungua. Sikumlaumu. Kibanda ndicho alichokuwa nacho. Lakini tangu siku hiyo, mimi vyuma vinavyokunjwa havinitoshi. Nilikuja kuona mtu atafanya nini kimoja kikigoma.” Akavuta pumzi. “Safu haibomolewi.”

Mtu akapiga ukelele wa furaha. Kamanda akainua kidole.

“Nitakuja tena, na sitasema lini. Nitakuja tena na tena mpaka mnichukie. Na hapa kwenye kona hapawekwi kitu. Cha kukunja wala cha kusimama. Kwingine meza ikigoma dereva anakwepa, hapa hana pa kukwepea. Samahani, mama.”

Neno la mwisho alimwambia dada. 

Basi kichochoro kikapona, na dada akabaki hana pa kuuzia. Watu walisherehekea kwa sauti za chini, kama wanaojua kuna mgonjwa chumba cha pili. Meza zilishuka, biashara ikarudi. Muuza vitambaa alisema atasogea ampishe dada nafasi. Dada akasema asante, asisumbuke. Redio alisema, “Dada, njoo uuze kwangu, wateja wangu wanainama muda wote, wataona viatu.” Dada hakucheka.

Mama Bawaba alikusanya viatu vyote vilivyotawanyika, akavibeba kwenye aproni yake kama kuni, akavipeleka karakana. Akafuta benchi lake la kazi, lile refu linalotazama njia, akaondoa vyuma, misumeno, na mashine ya kuchomelea akaisukuma nyuma kabisa. Akavipanga viatu juu. Hakujua kupanga viatu. Alivipanga kama anavyopanga mabomba, kwa urefu.

Dada alikuja akasimama mlangoni. Alitazama benchi. Alitazama ile mashine iliyosukumwa kwenye giza. Mdogo wake alikuwa amempa kisogo, akijifanya anatafuta kitu kwenye kabati, mabega yamepanda karibu na masikio, kama mtoto anayesubiri kofi.

Dada akaingia. Akaanza kuvibadilisha viatu, bila kusema, kila kimoja na mwenzake, visigino ndani, ncha nje, vya kike huku, vya kiume kule. Akafika mwisho akabaki na kimoja mkononi, cheusi, cha ngozi nzuri. Akakigeuza. Akatazama chini ya benchi.

“Cha kushoto kiko wapi?”

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mdogo wake tangu nyundo.

“Nitakitafuta, dada.”

“Utakitafuta na macho gani? Macho yasiyoona rangi ya kijani asubuhi yote?” Alimsogezea aproni kwa mguu. “Vaa. Tutoke wote. Wewe tazama upande wa kinyozi, mimi nitatazama mtaroni. Na ukikiona usikipige nyundo.”

Wakatoka nje, kila mmoja upande wake wa kichochoro, wameinama.